Kwa Mama Spana, Ambaye Jumanne Yake Haikuzikwa

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Alhamisi ulipotutoka. Kabla ya kuandika haya tumesoma kumbukumbu nyingi za watu wengine, na karibu zote zinasema marehemu alikuwa mpole, mnyenyekevu, hakuwahi kugombana na mtu. Tumeshindwa kuandika hivyo. Majirani wangetucheka. Wewe uligombana na watu wengi, mara nyingi ukiwa na haki, na siku ambazo hukuwa na haki uligombana vilevile.

Basi tutakusema ulivyokuwa. Atakayechukia na achukie.

Ulikuwa fundi bomba. Miaka thelathini na mitatu katika idara ya maji, na kwa miaka kumi na mmoja ya mwanzo ulikuwa mwanamke peke yako karakana nzima. Wenzako walikuita Spana kwa kejeli. Walipojua kwamba una sisi nyumbani wakaongeza Mama mbele, na kejeli ikageuka heshima, kwa sababu bomba ulilolifunga wewe halikurudi kuvuja.

Mikono yako ilikuwa migumu kama soli ya kiatu. Lakini ndiyo iliyotusuka nywele, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulia chini ya vidole vyako. Chai uliinywa umesimama, ikiwa ya moto wa kuunguza, ukisema mtu akikaa na chai, chai nayo inamkalisha. Uliimba vibaya. Uliimba kila siku.

Ulipostaafu tulikukosea, na leo tunakiri hadharani. Baba alikuwa ameshatangulia, nyumba imepoa, tukaona dawa yako ni kupumzika. Tukakuletea kiti kizuri chenye mito, tukakiweka karibu na dirisha. Ulikikalia siku mbili. Siku ya tatu tuliporudi kutoka kazini tulikuta maji yamefungwa nyumba nzima na wewe uko chini ya sinki la jikoni, inaonekana miguu tu.

"Mama, hilo bomba lilikuwa zima."

"Najua," sauti ikatoka kule chini. "Nilitaka kuhakikisha kama na mimi bado ni mzima."

Tulicheka. Hatukuelewa.

Jumanne ya kwanza ilikuja miaka kadhaa baadaye, nayo ilianza kwa presha. Ulikwenda ukumbi wa mtaa kupimwa kama wastaafu wengine. Ndani, kwenye mabenchi, wazee walikuwa wamekaa mstari wakisubiri kuitwa. Nje, kwenye ngazi, vijana waliomaliza shule na kukosa kazi nao walikuwa wamekaa mstari, ila wao hawakuwa wakisubiri chochote. Pale mlangoni, katikati yao, bomba la kunawia lilikuwa linavuja. Dimbwi limefika kizingitini, na kila anayepita analiruka.

Ulitusimulia jioni ile huku unacheka, lakini macho yako hayakucheka. "Ndani wamekaa waliomaliza, nje wamekaa ambao hawajaanza, na maji yanamwagika katikati. Nikasema hapana. Leo hapa hatoki mtu mkavu."

Ukamwita mzee mmoja kutoka ndani na binti mmoja kutoka nje. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, masikio yameshamchoka, kwa hiyo kila alichosema alikipayuka. Binti alikuwa na miaka kumi na minane. Mama yake alipofariki aliacha shule, na maneno nayo akayaacha karibu yote, hata mtaani wakamwita Kimya. Asiyesikia na asiyesema. Ukampa mmoja spana na mwingine koleo. "Wewe shika. Wewe zungusha."

Kazi ya dakika kumi iliwachukua saa nzima. Bomba liliponyamaza, Mwalimu alimpa Kimya mkono kama watu waliomaliza kujenga daraja, na Kimya, kwa maelezo yako, alisema neno lake la kwanza mbele yako: "Lingine liko wapi?"

Hiyo ndiyo jozi ya kwanza. Baada ya hapo kila Jumanne ikawa mzee mmoja, kijana mmoja, kazi moja. Ulikuwa na daftari lenye majina, na masharti umeyaandika kwa herufi kubwa kwenye jalada: mzee ni kuanzia miaka hamsini na mitano, kijana ni chini ya ishirini na mitano, walio katikati wachemshe chai. Mlianza na mabomba, mkaenda kwenye vitasa, redio, cherehani, miguu ya meza. Jozi zilizunguka nyumba kwa nyumba. Kinyozi wa miaka sabini na mmoja alimkabidhi mkasi kijana ambaye mtaa mzima ulimwogopa, akamwinamishia shingo yake mwenyewe. "Kata," akamwambia. "Sikio ukilikata, ninalo lingine."

Hukutaka kusikia kwamba mnawaonea wazee huruma, wala kwamba mnawatoa vijana vijiweni. Siku moja walikuja wageni na mablanketi na kamera. Wakataka wazee wakae mbele, vijana wasimame nyuma, wote watabasamu. Kiongozi wao akaanza hotuba. "Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko..."

"Mwanangu," ukamkatiza, "mimi si jungu. Mimi ni fundi bomba. Weka blanketi pale, kunja mikono ya shati, kuna choo kimeziba."

Na alikunja, Mama. Tumsifu kwa hilo. Baadaye alirudi mara tatu, bila kamera.

Kisha Mwalimu akaanguka.

Walikuwa wanaunga bomba la tangi nyuma ya nyumba ya mjane mmoja. Kimya alikwenda kufunga maji upande wa pili. Mwalimu alichoka kumsubiri, akapanda kigoda peke yake, kigoda kikamkana. Alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kimya ndiye aliyemfunga mkono kwa kitenge chake na kumpeleka zahanati, lakini kufikia saa kumi mtaa mzima ulikuwa unasema msichana yule amemwangusha mzee wa watu.

Wana wawili wa Mwalimu walikuja nyumbani kwetu wakiwa wamewaka. Hatukukutetea, Mama. Hilo nalo tuliandike. Mimi kifungua mimba wako niliwaitikia, "Ni kweli, ndugu zangu, hata sisi tumemwambia aache." Walipoondoka nikachukua mkoba wako wa vifaa, nikauficha juu ya kabati chini ya mashuka. Nilijiambia nakulinda.

Uliutafuta siku tatu bila kuuliza mtu. Ulifungua masanduku, ukatazama chini ya vitanda, ukapekua hata stoo ya mkaa. Siku ya tatu ukaja chumbani kwangu, ukakaa kitandani, ukasema taratibu, na wewe kusema taratibu kulitutisha kuliko makelele yako:

"Mwanangu, nifiche viatu, nitatembea peku. Nifiche miwani, nitapapasa. Ukinificha kazi yangu umenizika, na mimi bado nakula kwako."

Nilipanda juu ya kiti nikauteremsha. Hukunilaumu tena mpaka unakufa. Ningependa ungenilaumu kidogo.

Kamati ya ukumbi ikaitisha mkutano. Watu walijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti akasema wazee ni amana, vijana ni damu moto, na vitu viwili hivyo havichanganywi bila madhara. Akapendekeza wazee wapewe siku yao ya kukaa na vijana wapewe siku yao ya michezo. Watu wakapiga makofi. Tulikuwepo. Baadhi yetu tulipiga makofi.

Ukasimama. Ulikuwa umevaa gauni lako la bluu, na goti lilikuwa linakusumbua, lakini ulikataa kuegemea.

"Mwalimu ameanguka akifanya kazi," ukasema. "Mwaka jana aliteleza bafuni kwake akalala sakafuni tangu asubuhi hadi alasiri, hana wa kumwinua, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamsubiri mahali popote. Ule mkutano wake mbona hamkuuitisha?"

 Mwana mkubwa wa Mwalimu akainamisha kichwa.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kiti cha mbele, mkono kwenye plasta. Kimya alimwinamia akamrudishia maneno yako sikioni, moja baada ya jingine. Mzee akainuka. "MKONO NI WANGU!" akapayuka, dirisha likatetemeka. "Mnaujadili tangu asubuhi kama mbuzi wa mnada! Nani ameuliza mwenye mkono anasemaje? Kigoda nilipanda mwenyewe. Huyu binti aliniambia nisubiri. Sikumsikia, maana mimi ni kiziwi, wala sikutaka kumsikia, maana mimi ni mkaidi!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza, akamgeukia Kimya. "Na wewe binti, una la kusema?" Alimuuliza kwa namna ya mtu anayejua hatajibiwa.

Kimya akaliacha sikio la Mwalimu, akamtazama Mwenyekiti. Ulitusimulia baadaye kwamba hapo moyo wako ulipiga kuliko siku zote.

"Ninalo," akasema. "Mama yangu alipokufa, watu waliniambia pole, wakaenda. Mwalimu hakuniambia pole. Aliniuliza robo tatu ya inchi na nusu inchi ipi kubwa. Nikakosea. Akaniambia njoo Jumanne." Akamgeukia Mwalimu. "Hakuna mtu mwingine aliyeniambia njoo."

Mtu angedhani yangeishia hapo, kamati ikalainika. Haikulainika. Ukumbi ulifungwa "kwa muda," na kufuli jipya likaning'inia mlangoni.

Jumanne iliyofuata ulikuwa kwenye ngazi saa tatu kamili, na mkoba, na daftari. Wakaja sita. Jumanne ya pili wakaja kumi na wanne. Jumanne ya tatu ilinyesha mvua, mkafanya kazi chini ya mabati ya jirani, na wewe uliimba hadi jirani akawasihi mwingie ndani. Mlikaa nje Jumanne saba. Mwenyekiti alipita kila mara akijifanya ana haraka, na kila mara ulimwita, "Mwenyekiti! Tumekuwekea nafasi. Una miaka mingapi vile?"

Aliyefungua kufuli mwishowe hakuwa wewe wala sisi. Alikuwa mwana mkubwa wa Mwalimu, yule yule aliyekuja kwetu amewaka. Alikwenda ofisini akawaambia, "Baba anakuja hapa mkifungua au mkifunga. Nikimzuia hali, haongei, anatazama ukuta. Heri aje akae penye paa." Siku hiyo hiyo kufuli likatoka. Alipokuja kukuomba samahani hukumwacha amalize. Ulimpa brashi ya rangi.

Kumbe muda wote huo moyo wako ulikuwa umeshaanza kuchoka, na daktari alikuwa ameshakueleza, na wewe ukatuficha. Wewe uliyetukataza kuficha mikoba. Bado tuna kinyongo na wewe kwa hilo, Mama, na tukikutana tutalizungumza.

Ulikwenda kila Jumanne kasoro ile ya mwisho. Hiyo ulikuwa wodini, kitanda cha pembeni karibu na sinki, na bomba la sinki lilikuwa linadondoka. To, to, to. Ulivumilia asubuhi nzima. Kimya alipokuja kukuona ukamuuliza swali moja tu: "Umekuja na spana?" Alikuwa nayo. Muuguzi akasema hapana, hairuhusiwi, kuna fundi wa hospitali. Ukamwambia, "Binti yangu, mimi nakufa. Huyo fundi anakuja lini?" Muuguzi akasogeza pazia, akampisha Kimya.

Ukamwelekeza Kimya kutoka kitandani, pumzi moja moja. "Funga kule chini kwanza. Usikaze kwa hasira. Sikiliza chuma." Wagonjwa waliokuwa wamelala wakaamka kutazama. Alipomaliza wodi ikatulia, na mama mmoja kitanda cha tatu akasema, "Alhamdulillahi, nilidhani kelele hiyo iko kichwani mwangu." Ulicheka mpaka ukakohoa. Keshokutwa yake, saa nne asubuhi, mkono wako ukiwa katika mkono wa kitinda mimba wako, ulikwenda.

Tulikuzika Ijumaa. Wiki ya tatu ikaja barua.

Ilikuwa barua nzuri, Mama, yenye mhuri. Ilisema kwamba kwa heshima ya marehemu, shughuli za Jumanne zimehitimishwa rasmi. Chumba cha nyuma kitapewa jina lako, na bamba la shaba limeshachongwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema chumba hicho kitatumika kuhifadhia viti.

Tulikaa sebuleni kama familia. Kaka yetu dereva alisema tulichukue bamba, yaishe, tusimsumbue marehemu. Mkweo akasema, "Stoo ya viti yenye jina la Mama Spana? Yule mama asiyekalia kiti?" Tukacheka, halafu tukalia, halafu tukakasirika. Hasira ilitufaa. Tangu mazishi ilikuwa mara ya kwanza tunahisi kitu chenye nguvu.

Jumanne tukaenda wote. Tulidhani tutakuwa sisi na Mwalimu na Kimya. Tulikuta watu sitini na wanne wamejaa ngazi hadi barabarani, wazee na vijana, wamesimama wawili wawili kama walivyoandikwa katika daftari lako. Mwenyekiti alitoka na bamba mkononi limefungwa kwa karatasi, tabasamu tayari.

"Familia, karibuni. Jina la mama yenu litaishi."

Mimi, ambaye maisha yangu yote ni karani wa masijala na sauti yangu haivuki meza, nilimjibu, na nilisikia sauti inayotoka si yangu. "Jina alikuwa nalo kabla yenu, Mwenyekiti. Tumekuja kuchukua ufunguo."

"AMESEMA NINI?" Mwalimu akapayuka.

Kimya akamwambia sikioni.

"Ah!" akasema mzee, akaketi kwenye ngazi, akanyoosha miguu kama mtu anayeanza safari ndefu. Wengine wote wakaketi. Mwenyekiti aliwatazama. Alikuwa ameshaona Jumanne saba, alijua watu hawa wanavyokaa. Akaingiza mkono mfukoni. Hakutupatia ufunguo kwa mapenzi, lakini alitupatia.

Nilipoingia nilimwomba Kimya anipe la kufanya, nikajipeleka kwenye birika la chai. Alifungua daftari. "Umri?"

"Hamsini na saba."

"Basi wewe ni mzee. Chai wanachemsha walio katikati." Akanipa jozi yangu, kijana wa miaka kumi na saba mwenye pete ya sikio, na mlango usiofunga. Niliona aibu, kisha nikaona fahari. Mlango ule sasa unafunga.

Mwaka huu, Mama, hakuna Jumanne iliyopotea. Mtaa wa pili umeanza Jumanne ya kwao, na wa tatu wametuma watu kuja kutazama. Kimya amepata nafasi chuo cha ufundi na anaanza mwezi ujao. Nafasi yake kando ya Mwalimu ameikabidhi kwa mjukuu wa kinyozi, kwa masharti mengi sana. Mwalimu amepatiwa kifaa cha kusikia. Amekivaa mara moja, akasema dunia ina makelele ya kipuuzi, akakirudisha mfukoni. Kaka yetu dereva, aliyetaka yaishe, ndiye anayebeba mabomba kwa lori lake. Bamba bado liko ndani ya karatasi yake, ofisini kwa Mwenyekiti. Hatujaliomba.

Hatujapoa, Mama. Tusiwadanganye wanaosoma. Jikoni kukiwa na utulivu tunakusikiliza kule chini ya sinki. Kitinda mimba wako anaimba nyimbo zako, na anazikosea palepale ulipozikosea wewe, na tukimrekebisha anakataa. Kuna siku mmoja wetu anakaa chooni muda mrefu na sote tunajua hatumii choo.

Lakini kwa wale wanaoendelea kusema kwamba mambo yale yalikuwa ya mama yule, kwamba yeye hayupo na sasa wazee wakae na vijana watawanyike, familia inawajibu hivi, kwa heshima zote: hatukai, hawatawanyiki. Mkifunga mlango, ngazi zipo. Mkizungushia ngazi uzio, barabara ipo. Na mkichoka kutufungia, njooni. Wenye miaka ya kutosha mtapewa kijana, wenye michache mtapewa mzee, na hakuna atakayewauliza mlisema nini mwaka jana.

Jumanne hii kazi ni tangi la shule ya msingi. Ni kubwa, limetoboka pande mbili, na kila mtu amesema haliponi. Tunaanza saa tatu.

Unakumbukwa na wanao: mimi kifungua mimba wako, kaka yangu dereva na kitinda mimba wako, mkweo uliyemwita mwanangu wa nne, wajukuu zako sita, ambao wote wanajua kufunga koki kuu, dada yako wa pekee, anayesema ulikuwa hivyo hivyo tangu tumboni, shemeji zako, Mwalimu, Kimya, ambaye ametuomba tumwandike katika familia, na tukamwambia alishaandikwa, na jozi thelathini na tisa za Jumanne.

Maadamu mmoja wetu ana pumzi, Mama, hutasahaulika.